Upimaji wa stadi za awali za kusoma

Upimaji wa stadi za awali za kusoma ni njia ya kutambua kama mtoto wa madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi anaweza kusoma na kuelewa anachosoma. Hutofautiana na mtihani wa kawaida kwa kuwa kila mtoto hupimwa peke yake, kwa mdomo.

Kipimo kinachotumika sana hujulikana kwa kifupi cha EGRA. Kilianza kutayarishwa mwaka 2006 na shirika la RTI International la Marekani, na kimetumika katika lugha nyingi, kikiwemo Kiswahili. Huchukua kama dakika 15.

Yanayopimwa

Mtoto hutamka sauti za herufi, husoma silabi, maneno ya kawaida, halafu maneno ya kubuni yasiyo na maana, kama "zefa" au "nyosu". Zoezi hili la mwisho huonekana la ajabu, lakini lina kazi yake. Wapo watoto waliokariri kitabu cha darasani hata "hukisoma" kikiwa kimegeuzwa juu chini; neno ambalo hawajawahi kuliona hawawezi kulikariri.

Kisha husoma hadithi fupi kwa dakika moja na kujibu maswali. Husomewa pia hadithi nyingine na kuulizwa aliyoyasikia. Anayeshindwa kusoma lakini akajibu vizuri alichosikiliza anahitaji kufundishwa herufi na silabi. Anayeshindwa yote mawili huenda bado hajaijua lugha yenyewe, kama ilivyo kwa wengi wanaokutana na Kiswahili mara ya kwanza shuleni. Si haki kumwita mzito.

Akikosa herufi zote 10 za mwanzo, zoezi hilo husimamishwa kwa upole. Lafudhi ya nyumbani haihesabiwi kuwa kosa.

Katika Kiswahili

Maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi, hivyo ajuaye silabi hutamka karibu neno lolote. Ugumu uko kwenye konsonanti zilizofuatana, kama "mbw" na "nyw", na kwenye urefu wa maneno. "Hawakutuambia" ni neno moja, ilhali Kiingereza hutumia matano. Kwa hiyo idadi ya maneno kwa dakika hailinganishwi kati ya lugha hizo.

Afrika Mashariki

Tanzania ilifanya upimaji wa kitaifa wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) kwa darasa la pili mwaka 2013. Uwezo, ulioanza mwaka 2009 kwa kufuata mfano wa ASER wa Uhindi, umepima watoto nyumbani kwao nchini Kenya, Tanzania na Uganda, na kwa njia hiyo umewafikia hata wasioandikishwa shule.