Erwin Lanc na viti vya mpira wa mikono

Kwenye michezo huwa tunawasifu wafungaji. Leo tumwangalie mtu wa ofisini, maana huko ndiko kunakoamuliwa nani ataingia uwanjani.

Erwin Lanc alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1930. Kuanzia 1977 hadi 1983 alikuwa waziri wa mambo ya ndani, kwa hiyo mambo ya wakimbizi yalipita mezani kwake. Mwaka 1981 maelfu ya Wapoland walikimbilia Austria. Walipokelewa, lakini Desemba mwaka huohuo serikali ikaanza tena kuwadai viza. Sisi tunajua vizuri mlango unaofunguliwa halafu ukabanwa.

Mwaka 1984 Lanc akawa rais wa Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Mikono (IHF), akakaa hadi 2000. Alikuta mchezo uko kama mali ya Ulaya. Kombe la Dunia la wanaume lilikuwa na timu 16 tu, na lilikuwa halijawahi kuchezwa nje ya Ulaya. Sasa angalieni: mwaka 1995, kule Iceland, timu zikawa 24. Mwaka 1997 mashindano yakaenda Japani. Mwaka 1999 yakafika Misri, mara ya kwanza Afrika, na timu tano za bara letu zikacheza: Misri, Tunisia, Algeria, Moroko na Nigeria.

Je, ni kazi yake peke yake? Hapana. Misri walishachukua ubingwa wa dunia wa vijana mwaka 1993. Uwezo ulikuwepo, ila viti ndivyo vilikuwa vichache. Na Lanc alipoondoka, aliyemrithi ni Hassan Moustafa wa Misri, Mwafrika wa kwanza kuongoza IHF.

Hapa kambini, Siku ya Wakimbizi ikifika tunaitwa kucheza, tunapewa jezi, tunapigwa picha. Lakini kikao cha kupanga nani acheze, na wasichana wapate uwanja saa ngapi, kinaisha bila sisi. Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, asanteni kwa mipira. Sasa tunaomba viti viwili kwenye kikao hicho, kimoja kikaliwe na msichana.

Na sisi tukipewa, tusiende kunywa soda tu. Twende na daftari, na ratiba yetu iwe tayari.