Kondoo wa biashara: sindano ya vitamini haitibu tumbo lililoharibika

Wafanyabiashara na wasafirishaji wa kondoo kati ya Mbale na Jinja, au wanaovuka mpaka Busia na Malaba, huuliza kama kondoo achomwe vitamini kabla ya safari. Jibu linategemea hali ya tumbo lake.

Kondoo ana tumbo lenye vyumba vinne. Katika chumba kikubwa wamo vijidudu wanaochachusha majani na kutengeneza vitamini za kundi B na vitamini K. Vitamini C hutengenezwa na ini, na D hutokana na jua. Vitamini A na E hutoka kwenye majani mabichi, kwa hiyo kondoo aliyetoka kwenye ukame mrefu, kama ule wa Karamoja, anaweza kupungukiwa. Huyo sindano humsaidia.

Hasara kubwa huanza pale kondoo aliyezoea majani anaposhindiliwa pumba za mahindi au molasi ghafla ili aongeze uzito. Tumbo huingia asidi, vijidudu hufa na vitamini B1 hupungua. Kondoo hutazama juu, haoni, huanguka na kutetemeka. Mwite daktari wa mifugo mara moja: vitamini B1 ikichomwa mapema, wengi hupona. Chakula kigeni kianze kidogo kidogo, kwa muda wa wiki mbili.

Minyoo nayo huharibu utumbo, na chakula kizuri kikapita bila kufyonzwa. Kwenye maeneo yenye majimaji karibu na Mlima Elgon, minyoo ya ini hushambulia ini, ambalo ndilo ghala la vitamini A. Hapo dawa ya minyoo hutangulia vitamini.

Tahadhari: usimpe kondoo chumvi ya madini ya ng'ombe wala chakula cha kuku. Shaba iliyomo hurundikana kwenye ini kimyakimya, na misukosuko ya safari inaweza kuifungua: macho huwa ya njano, mkojo mwekundu, na mnyama hufa. Mnunuzi atasema umemuuzia mgonjwa.

Kabla ya kupakia:
- Muulize muuzaji kondoo alikuwa akila nini, na kama amepewa dawa ya minyoo.
- Wape majani makavu na maji safi.
- Waone wanacheua. Kundi lililotulia lisilocheua lisipande lori.
- Pata kibali cha kusafirisha mifugo kwa daktari wa mifugo wa wilaya.