Ngoma za Chuka na Tiketi ya Bomas

Ngoma ndefu za Wachuka, waishio kati ya miji ya Meru na Embu, hubanwa baina ya mapaja ya mpigaji aliyesimama. Zilifungamana na sherehe, tohara hasa. Kampuni ya serikali, Bomas of Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, ilizipa ngoma za asili kalenda nyingine: saa ya maonyesho. Kundi lake la makabila mbalimbali lilicheza ngoma za jamii moja, likarejea na za nyingine. Nje, nyumba za Waembu na Wameru zilisimama bila wenyeji. Kuliita hilo upotoshaji ni rahisi mno. Kilichogeuka zaidi ni hadhira: mtoto aliyeketi na wazazi wake hakudaiwa tena kuitikia wimbo, alidaiwa kiingilio.