Baki la Hesabu: Namba na Tabia za Wahusika katika Fasihi ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Nairobi kwa Barabara ya Waiyaki huiacha Westlands nyuma yake, kisha huipita Loresho upande wa kulia, jirani na Kangemi. Loresho ya leo ni mtaa wa watu wenye nafasi, wenye nyua pana, miti mirefu na malango yaliyoandikwa namba. Kabla ya mitaa hiyo, na kabla ya mashamba ya walowezi, miteremko hii ilikuwa sehemu ya Kabete, nchi ya Wagikuyu wa kusini. Katika misheni ya Kabete ndiko alikozaliwa Louis Leakey mwaka 1903. Utafiti alioufanya kwa wazee wa Kigikuyu kati ya mwaka 1937 na 1939 ulichapishwa kwa juzuu 3 mwaka 1977, miaka 5 baada ya kifo chake. Barabara hiyohiyo ikiendelea hufika Limuru, alikozaliwa Ngugi wa Thiong'o mwaka 1938.

Wenyeji wa miteremko hii walikuwa na mwiko juu ya namba. Watu na mifugo hawakuhesabiwa waziwazi, kwa kuhofia kwamba kilichotajwa idadi yake kimekwisha kuwekwa mahali pa kudhuriwa. Hesabu ya watu ilipofika kumi, neno la kumi liliepukwa na badala yake ikatamkwa kenda muiyuru, yaani tisa iliyojaa. Kwa hiyo palikuwa na mtu mmoja aliyekuwapo katika hesabu bila ya kuwa na namba yake.

Makala haya yanachunguza jinsi imani za namba zilivyochangia kuumba tabia za wahusika katika fasihi ya Afrika Mashariki. Hoja yake ni kwamba namba peke yake huzaa mhusika bapa, ambaye tabia yake imekwisha kuamuliwa kabla hajatenda lolote. Mhusika hai hutokana na baki, yaani kile ambacho hesabu imekiacha. Ili kuona upekee wa kanuni ya Kabete, inafaa kwanza kuilinganisha na hesabu nyingine ambayo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanaifahamu zaidi, nayo ni abjadi ya pwani.

Abjadi na Utabiri wa Tabia

Abjadi ni utaratibu wa kuzipa herufi 28 za Kiarabu thamani za namba, kuanzia alifu ambayo ni 1 hadi ghaini ambayo ni 1,000. Katika miji ya Waswahili, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, utaratibu huu umetumiwa na wanajimu na waganga wa kitabu kutafuta nyota ya mtu. Mnajimu huandika jina la mtu na jina la mama yake, hujumlisha thamani za herufi, kisha huondoa kumi na mbili-mbili mpaka ibaki namba isiyozidi 12. Namba hiyo ndiyo buruji yake. Kila buruji ina maumbile yake ya moto, udongo, upepo au maji, na kila maumbile yana tabia zake: hasira, uvumilivu, wepesi wa maneno, usiri.

Mfano mmoja utatosha. Jina la Ali lina herufi za aini (70), lamu (30) na ya (10), jumla 110. Kama mama yake anaitwa Mariamu, ambaye jina lake kwa Kiarabu lina thamani ya 290, jumla yao ni 400. Ukiondoa kumi na mbili-mbili hubaki 4, na buruji ya nne ni Saratani, yaani kaa, ambayo maumbile yake ni maji. Lakini kama mama yake Ali ni Fatuma, jina ambalo kwa asili yake Fatima lina thamani ya 135, jumla ni 245 na baki ni 5. Hiyo ni Asadi, yaani simba, na maumbile yake ni moto. Ali wawili, pengine wa mtaa mmoja na wa chuo kimoja cha Kurani, wanapewa tabia zinazokinzana, na kinachowatenganisha ni mama.

Mambo mawili katika utaratibu huu yanamhusu mhakiki wa fasihi. La kwanza ni kwamba jina halimtoshi mtu. Mnajimu, kama mwandishi wa riwaya, hawezi kumfahamu mhusika wake pasipo kumtafutia asili. La pili, ambalo ni muhimu zaidi, ni kwamba jumla yenyewe haina maana. Zile 400 na zile 245 hutupwa, na tabia yote ya mtu hutegemea kile kidogo kilichoshindikana kugawanyika. Mantiki ya abjadi, kwa maana hiyo, ni mantiki ya baki.

Hapa ndipo abjadi inapoachana na elimu ya namba iliyoenea Marekani na Ulaya tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Elimu hiyo, inayojinasibisha na Pythagoras, hujumlisha tarakimu za jina au za tarehe ya kuzaliwa mpaka ipatikane tarakimu moja, na mama hana nafasi ndani yake. Mtu wa elimu hiyo anasimama peke yake. Mtu wa abjadi ni mwana wa fulani.

Sifuri ya Bwana Msa

Mtunzi aliyeukabili ulimwengu huu wa waganga na wanajimu kwa makusudi ni Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la Ofisi ya Vitabu vya Afrika Mashariki la mwaka 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, huingia mahali ambapo watu wamekwisha kuridhika na maelezo ya mizimu, naye huyakataa maelezo hayo kwa kufuata ushahidi na kufikiri.

Mwaka 1974 Abdulla alitoa riwaya aliyoiita Siri ya Sifuri. Jina hilo linastahili kuzingatiwa hata kabla ya kufungua kurasa za kitabu. Neno sifuri limetoka katika Kiarabu, lugha ileile iliyoleta abjadi, lakini katika herufi zote 28 hakuna hata moja yenye thamani ya sifuri. Tena hesabu ya nyota inapogawanyika sawasawa bila ya kubakiza kitu, mnajimu hasemi kwamba mtu huyo hana nyota. Humpa 12, ambayo ni buruji ya Hutu, yaani samaki. Jedwali halikubali utupu. Kumweka Bwana Msa chini ya jina la sifuri ni kumweka mahali ambapo jedwali la mnajimu halifiki.

Jina la Msa lenyewe laweza kupimwa kwa kipimo hichohicho. Musa kwa herufi za Kiarabu ni mimu (40), wau (6), sini (60) na ya (10), jumla 116, na baki lake ni 8, ambayo ni Akarabu, yaani nge. Msomaji aliyezoea falaki anaweza kushawishika kuuona ukali wa akili ya mpelelezi katika nge huyo. Hata hivyo hesabu hiyo haikamiliki bila ya jina la mama, na msomaji wa Abdulla humjua Bwana Msa kwa kiko chake, kwa maswali yake na kwa rafiki yake Najum zaidi kuliko kwa ukoo wake. Ni vigumu kutabiriwa kwa mtu asiyefahamika mamaye. Uhuru wa mhusika huyu mbele ya ushirikina unaanzia hapo.

Kenda Muiyuru

Katika miteremko ya Kabete hesabu ilifanya kazi tofauti. Haikuwa na herufi wala jedwali, na haikudai kuitabiri tabia ya mtu mmoja mmoja. Ilihusu jamii nzima. Katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotoka London mwaka 1938, Jomo Kenyatta alisimulia habari za Gikuyu na Mumbi na mabinti wao 9, ambao majina yao yakawa majina ya mbari za Wagikuyu. Masimulizi ya wazee humtaja binti mwingine, wa kumi, anayeitwa Warigia au Wamuyu. Huyo ndiye aliyefichwa ndani ya neno muiyuru.

Mbari hizi zilihusishwa na sifa maalumu. Mbari ya Ethaga, kwa mfano, ilisifika kwa nguvu za uganga na za kuleta mvua, na jina la Nyambura, linalotokana na neno la Kigikuyu la mvua, linaikumbusha sifa hiyo. Kila binti basi alikuwa namba katika orodha, jina la ukoo, na kitovu cha tabia zinazosemwa kuwa ni za kizazi chake. Binti wa kumi alikosa namba, na kuhusu sababu yake masimulizi hayapatani. Wengine husema ni kwa ajili ya mwiko wa kumi. Wengine husema alizaa nje ya ndoa.

Historia iliuongezea mwiko huo uzito mwingine. Serikali ya kikoloni ilihesabu vibanda ili kutoza kodi, na kuanzia miaka ya 1919–1920 iliwalazimisha wanaume wazima wa Kiafrika kuvaa kipande, hati yenye namba iliyowekwa katika kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Jamii iliyokataa kuwahesabu watu wake ikahesabiwa na mgeni, na namba hiyo haikubakiza mtu wala kumficha. Waliokuwa na mashamba katika Kabete na Kiambu walijikuta ni vibarua wenye namba katika ardhi iliyokuwa yao.

Ngugi aliirudia simulizi hii katika utenzi wake wa Kenda Muiyuru, uliochapishwa Nairobi mwaka 2018. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiingereza ilitoka mwaka 2020, na mwaka 2021 ikaingia katika orodha ndefu ya Tuzo ya Kimataifa ya Booker, ikiwa kazi ya kwanza iliyoandikwa katika lugha ya asili ya Afrika kufika hapo. Wachumba 99 wanafika kuwaposa mabinti, na safari ndefu yenye hatari inawapunguza. Namba 99 imechaguliwa vyema: nayo pia imesimama hatua moja kabla ya ukamilifu wa mamia. Lakini lengo la safari ni la kumi. Warigia hawezi kutembea, na wasafiri wanakwenda kuutafuta unywele ulio katika ulimi wa zimwi ili aponywe. Mabinti tisa waliotimia, wenye nguvu na urembo wao, wanatembea kwa ajili ya yule ambaye hesabu haikumtaja. Mtunzi ameliweka baki mahali pa kiini cha kisa.

Saba ya Wezi

Miaka 38 kabla ya utenzi huo, Ngugi alikuwa amekwisha kuitumia namba nyingine ya Kigikuyu kuwaumba wahusika. Saba, yaani mugwanja, ni namba iliyohofiwa. Kenyatta aliihusisha na viapo, naye Josiah Mwangi Kariuki, katika kumbukumbu zake za mwaka 1963, alieleza jinsi walioapishwa katika harakati za Mau Mau walivyopita chini ya upinde mara 7. Katika Caitaani Mutharaba-ini, riwaya aliyoiandika katika Gereza la Kamiti na kuichapisha mwaka 1980, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Shetani Msalabani, mashindano yanafanyika Ilmorog ili kuwachagua mabingwa 7 wa wizi na unyang'anyi.

Wahakiki kadhaa wamelalamika kwamba wezi hao, kina Gitutu wa Gataanguru na Kihaahu wa Gatheeca, ni wahusika bapa waliochorwa kwa kutiwa chumvi. Lawama hiyo ni ya kweli kama kipimo ni uhalisia. Lakini wezi hao wameitwa kujaza namba. Kila mmoja anapanda jukwaani kuthibitisha kwamba anastahili kuwa mmoja wa saba, na ndiyo maana anajieleza kwa hesabu: ekari, mali, faida. Tabia yake imekwisha katika hesabu hiyo. Wariinga, ambaye hakualikwa kushindana, ndiye peke yake anayebadilika, kutoka msichana anayeichukia sura yake hadi fundi wa mitambo anayejitegemea.

Inaweza kupingwa kwamba saba ni namba mashuhuri duniani kote, na kwamba huenda mwandishi aliitumia kwa mazoea tu. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo katika mapokeo ya Kiislamu na ya Kikristo saba aghalabu ni namba ya ukamilifu na baraka, kama mbingu saba na siku saba za uumbaji. Riwaya iliyoandikwa kwa Kigikuyu, ikasomwa kwa sauti katika baa na ndani ya matatu, ilikuwa na wasikilizaji waliokua wakiisikia saba kwa masikio mengine. Kwao idadi ya mabingwa ilikuwa imekwisha kutoa hukumu.

Hitimisho

Abjadi ya pwani huitafuta tabia katika kinachobaki baada ya kugawanya. Kanuni ya Kabete humhifadhi anayebaki baada ya tisa kwa kutomtaja. Abdulla anamtoa mpelelezi wake nje ya jedwali, na Ngugi anamtoa Wariinga nje ya saba, kisha Warigia nje ya tisa. Katika hali zote hizi namba imemsaidia mtunzi pale alipoitumia kama mpaka wa kuvukwa. Alipoiacha iseme yenyewe, alipata aina ya mtu: nge, simba, mwizi wa kwanza, mwizi wa pili.

Uhakiki wa wahusika katika fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza mhusika anawakilisha tabaka gani, na swali hilo lina faida yake. Mifano hii inadai swali la pili lifuate: hesabu ya jamii yake inamweka wapi, na ni nani asiyehesabiwa pamoja naye. Katika Loresho, ambako malango yana namba na waliowahi kulima miteremko hiyo hawana, swali hilo halijapoteza nguvu yake.