Darasa na Kambi: Historia ya Sauti ya Mwanafunzi nchini Kongo

Lokandu, kituo kilicho kando ya mto Lualaba, kaskazini mwa Kindu katika jimbo la Maniema, kinajulikana zaidi kwa kambi yake ya kijeshi, iliyokuwapo tangu enzi za Force Publique, yaani jeshi la ukoloni wa Kibelgiji. Katika historia ya Kongo kambi na darasa vimekutana kwa uchungu, kwani uliwahi kufika wakati ambapo dola ilimjibu mwanafunzi aliyesema kwa kumvalisha sare ya askari.

Mwaka 1961 wanafunzi waliunda UGEC, umoja wao wa nchi nzima, ulioikosoa serikali waziwazi hadi ulipovunjwa mwaka 1968, na nafasi yake ikachukuliwa na JMPR, tawi la vijana la MPR, chama cha Rais Mobutu. Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium walipoandamana mjini Kinshasa, askari waliwafyatulia risasi na kuwaua baadhi yao. Kinyume chake, Februari ya mwaka huohuo, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua, katika kesi ya Tinker, kwamba wanafunzi waliovaa vitambaa vyeusi kupinga vita vya Vietnam walikuwa na haki hiyo hata shuleni, mradi wasivuruge masomo.

Juni 1971, wanafunzi wa Lovanium walipowakumbuka wenzao waliouawa, chuo kilifungwa nao wakaandikishwa jeshini. Kisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vikaunganishwa kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, chini ya mkono wa dola. Mei 1990, wiki chache baada ya Mobutu kutangaza mwisho wa chama kimoja, wanafunzi wa Lubumbashi walishambuliwa usiku chuoni mwao.

Mwaka huohuo nchi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, unaomtambulia mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na Katiba ya 2006, katika ibara ya 23, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, ilimradi aheshimu sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Kwa hiyo mtoto wa Lokandu anayeuliza kwa nini anadaiwa ada, ilhali ibara ya 43 inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure, havunji nidhamu. Na mwalimu anayempa sababu badala ya kumfukuza anampa jibu ambalo wanafunzi wa 1969 walinyimwa.