Mchungaji anapoondoka, nani anabaki mlangoni?



Mwezi huu sisi vijana tulikuwa tumepanga kuandika juu ya mambo mengine kabisa. Lakini tangu itangazwe ibadani kwamba mchungaji wetu na familia yake wamepata nafasi ya kwenda kuishi nchi ya tatu, hapa Nakivale hatuongei habari nyingine. Kwenye foleni ya maji ni hiyo, kwenye mazoezi ya kwaya ni hiyo. Tunamfurahia, kwa kweli. Ni mtu aliyengoja miaka mingi, na watoto wake wamekulia kwenye vumbi hili hili. Lakini mama mmoja mzee wa kanisa aliuliza kwa sauti kitu ambacho wengi tulikuwa tunakificha moyoni: "Sasa sisi tutabakia na nani?"

Tuseme wazi tunachokiogopa. Usharika wetu ni wa Kilutheri, mdogo, wa kuta za udongo na turubai juu. Unasali kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi, na nyimbo zinachanganywa. Kwenye benchi moja anakaa Mbembe, Mfulero, Munyamulenge, Mrundi na Mnyarwanda. Wanaotoka Kivu ya Kusini wanajua benchi la namna hiyo lina bei gani. Mwaka 2025, Goma ilipoanguka Januari na Bukavu Februari, watu wapya waliingia kila wiki, na hapa kwetu mgeni aliulizwa "umekula?" kabla ya kuulizwa "wewe ni wa kabila gani?" Desturi hiyo aliianzisha mchungaji. Sasa anaondoka, na tayari minong'ono imeanza: eti kila lugha ifanye ibada yake, eti tuone kwanza nani atashika ufunguo.

Ndiyo maana tumeamua kutazama nyuma. Sharika za ukanda huu zimeachwa na wachungaji mara nyingi kabla yetu. Tunataka kujua zilifanyaje.

1916: vita vinawaondoa

Tuanzie karibu. Ukivuka mto Kagera kutoka wilaya yetu ya Isingiro unaingia Tanzania, mkoa wa Kagera, ule ambao wazee wanauita Bukoba hadi leo. Huko Uprotestanti haukuletwa kwanza na Mzungu. Uliletwa na Wahaya waliokuwa wamekwenda Buganda, wakajifunza kusoma Biblia huko, wakarudi nyumbani na vitabu. Watu waliwaita wasomaji. Mmoja wao aliyekuja kujulikana sana ni Andrea Kajerero. Wamisionari wa Bethel, shirika la Ujerumani, walipofika Bukoba mwaka 1910, walikuta wasomaji hao tayari wapo.

Shirika hilo hilo la Bethel lilikuwa limeingia Rwanda mwaka 1907. Likafungua vituo Zinga na Kirinda, halafu Rubengera mwaka 1909.

Mwaka 1916 vita vya kwanza vya dunia vikafika huku. Wabelgiji wakaingia Rwanda, Waingereza wakachukua upande wa Bukoba, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Hakukuwa na ibada ndefu ya kuaga wala mtu wa kukabidhiwa ufunguo. Watu waliamka siku moja mchungaji hayupo.

Baada ya hapo njia mbili zilitengana. Rwanda ilibaki chini ya Wabelgiji, na mwaka 1921 walikuja wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ubelgiji kuchukua vile vituo vya Bethel. Kutokana na kazi yao likatokea Kanisa la Presbiteri la Rwanda, ambalo lipo mpaka leo. Imani haikufa, ila mstari wa Bethel ulikatika pale. Bukoba ikawa sehemu ya Tanganyika ya Waingereza, na katikati ya miaka ya 1920 Wajerumani waliporuhusiwa kurudi, watu wa Bethel nao walirudi. Wakakuta sharika bado zinakusanyika, na viongozi kama Kajerero bado wapo.

Kilimanjaro nako ilikuwa hivyo. Wamisionari wa Leipzig walifika huko mwaka 1893. Mwaka 1920 Wajerumani walirudishwa kwao, akiwemo Bruno Gutmann, aliyekuwa mchungaji wa Moshi. Wachagga walibaki na walimu wao wa vijijini na wazee wa kanisa. Na hapa kuna jambo la kutafakari, jamani: Wachagga wa kwanza walibarikiwa kuwa wachungaji miaka ya 1930 tu, karibu miaka 40 tangu misheni ianze. Maana yake ni kwamba walimu hawa walibeba kazi ya uchungaji muda mrefu kabla ya kupewa jina la mchungaji. Walikusanya watu, walisomesha watoto, walitembelea wagonjwa, walizika. Joho lilikuja baadaye.

1940: wanaondolewa tena

Wajerumani waliorudi hawakukaa sana. Vita vya pili vilianza Septemba 1939, na wamisionari wa Kijerumani Tanganyika wakakamatwa kama raia wa nchi adui. Safari hii sharika hazikuwa kama zile za 1916. Zilikuwa na wachungaji wachache Waafrika, wainjilisti wengi, na wazee waliokuwa wamewahi kuachwa wakajua kwamba asubuhi inayofuata bado kuna mtoto wa kufundishwa.

Misaada ilikuja kutoka kwa Walutheri wa Marekani na Sweden. Bukoba alifika Msweden Bengt Sundkler, aliyekaa huko kuanzia 1942 hadi 1945. Baadaye alirudi akawa askofu wa kwanza wa Bukoba, kuanzia 1961. Mwaka 1964 naye akaondoka, na aliyepokea kiti akawa mtoto wa pale pale, Josiah Kibira. Mwaka 1977, Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Walutheri Duniani ulipofanyika Dar es Salaam, Kibira alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho hilo, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Fikirini hesabu hii. Mwaka 1916 sharika za Bukoba ziliachwa bila mchungaji. Miaka 61 baadaye, askofu wao alikuwa anaongoza Walutheri wa dunia nzima.

Na Shirikisho lenyewe lina undugu na sisi. Lilianzishwa mwaka 1947 huko Lund, Sweden, wakati Ulaya imejaa wakimbizi wa vita, na wengi wao walikuwa Walutheri. Kwa hiyo tunapoona gari la Shirikisho hapa Uganda, au kule Kakuma nchini Kenya, tusidhani kazi ya wakimbizi ni kitu walichoongeza juzi. Ni kazi waliyozaliwa nayo.

1964 mpaka 1994: wageni wanakuwa wenyeji

Kuanzia mwisho wa mwaka 1959 Wanyarwanda walianza kukimbia nchi yao. Wengine walikuja Uganda, na Nakivale yetu ni moja ya sehemu zilizowapokea. Wengine walivuka kwenda Tanzania, hasa Ngara na Karagwe. Mwaka 1964 ilianzishwa TCRS, huduma ya Kikristo ya wakimbizi iliyokuwa chini ya Shirikisho la Walutheri, kuwasaidia Wanyarwanda hao kupata makazi na mashamba. Mwaka mmoja kabla, 1963, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yalikuwa yameungana kuwa KKKT. Yaani kanisa lilikuwa bado changa, na tayari lina wageni sebuleni.

Miaka 30 ni mingi. Mgeni wa 1964 alizaa, watoto wakabatizwa, wakapata kipaimara, wakaimba kwaya, wengine wakawa wainjilisti na wachungaji. Kwenye sharika za mpakani ilifika mahali mtu akisema "mzee wa kanisa" hukumbuki tena kama ni mwenyeji au mkimbizi.

Halafu ukaja mwaka 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Aprili. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa saa 24 tu, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikaota kama uyoga. Ndani ya umati ule walikuwemo mama na watoto wasio na kosa, na walikuwemo pia watu wenye damu mikononi. Miezi michache baadaye, vita vilipokwisha, wakimbizi wa zamani, wale wa 1959 na miaka ya 1960, walianza kurudi Rwanda. Barabara zile zile: wengine wanaingia, wengine wanarudi.

Kwa sharika za Karagwe na Ngara hilo lilikuwa pigo la pande mbili. Waliondokewa na watu waliokuwa nao miaka 30, wakiwemo viongozi, na wakati huo huo mlangoni kuna umati ambao hawakujua nani ni nani. Kupokea watu ni neno tamu kwenye mahubiri. Kwenye mpaka wa Rusumo mwaka 1994 lilikuwa neno zito.

Lakini tazameni waliorudi walifanya nini. Mwaka 1995, Wanyarwanda waliotoka uhamishoni Tanzania walianzisha Kanisa la Kilutheri la Rwanda. Mstari wa Bethel uliokatika mwaka 1916 ulirudi Rwanda miaka karibu 80 baadaye, na safari hii haukubebwa na mmisionari. Ulibebwa na wakimbizi. Watu kama sisi, wenye mabegi ya kamba na watoto mgongoni.

Sasa sisi

Tunajifunza nini? Tulikaa kikundi kizima tukajadiliana mpaka usiku, na haya ndiyo tuliyokubaliana.

La kwanza: sharika zilizosimama ni zile ambazo kazi ilikuwa tayari imegawanywa kabla mtu hajaondoka. Bukoba kulikuwa na wasomaji kabla ya mchungaji, kwa hiyo walibaki wasomaji baada yake. Kwa kanuni zetu za Kilutheri, Chakula cha Bwana kitangoja mchungaji wa kutembelea, na hilo litatuuma. Lakini kusoma Neno, kusali, kufundisha kipaimara, kutembelea wagonjwa, kuzika wafu wetu kwa heshima, hayo mwinjilisti na wazee wanayaweza. Hata ubatizo, mtoto akiwa mahututi, Mkristo yeyote anaruhusiwa kumbatiza. Kwa hiyo tusifunge kanisa eti tunangoja mtu.

La pili: ukarimu una mwenyewe. Kama ni kazi ya kila mtu bila jina la mtu, itakuwa kazi ya hakuna mtu. Mpaka sasa mgeni akifika usiku alipelekwa kwa mchungaji. Mchungaji akiondoka, atapelekwa wapi? Tumependekeza kwa baraza la wazee kuwe na zamu, nyumba mbili kila wiki, moja ya Wakongomani na moja ya Warundi au Wanyarwanda, na vijana wawili wa kutafsiri. Rasheni imepungua, tunajua. Uji wa watu sita unaweza kunywewa na saba, ila lazima ijulikane ni sufuria ya nani.

La tatu, na hili ndilo lililozua ubishi: ibada ibaki moja. Kuna papa mmoja tunayemheshimu aliyesema kwamba kila watu wakisali kwa lugha yao, amani itakuwa nyingi zaidi. Tulimsikiliza, kwa sababu amezika watoto wawili na hasemi maneno ya bure. Tulimjibu kwa adabu kwamba tafsiri inachosha, ni kweli, na ibada inakuwa ndefu. Lakini siku tutakapogawana lugha tutaanza kugawana benchi, halafu mabati, halafu wageni: huyu wenu, huyu wetu. Vita tulivyovikimbia vilianza hivyo hivyo, kwa kugawana watu. Papa hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema atakuja Jumapili. Kwetu hilo linatosha kwa sasa.

La nne: mchungaji hatupotei kabisa. Waliotoka Karagwe mwaka 1994 waliacha pengo, na miezi michache baadaye pengo hilo likawa kanisa upande wa pili wa mto. Nani ajuaye mchungaji wetu atapanda nini huko aendako, kwenye baridi, kati ya watu wasiojua Nakivale iko wapi?

Hatujui tarehe ya ndege. Wanaosubiri safari hizi wanajua: wanaweza kukupigia simu leo, na wanaweza kuahirisha mwaka mzima. Kwa hiyo tumemwomba mchungaji kitu kimoja kabla hajaondoka, nacho ni daftari. Aandike humo majina ya wagonjwa anaowatembelea, watoto wanaosubiri kipaimara, wajane, waliokosana ambao alikuwa bado anawapatanisha, na familia zilizofika mwaka huu ambazo bado hazina mtu. Ameanza kuandika. Tumeona kurasa za kwanza, na nusu ya majina yale hatukuwa tunayajua.

Nanyi mlioko sehemu nyingine, ulizeni wazee wenu: nani aliendesha ibada mchungaji alipokuwa hayupo? Andikeni jina lake wakati bado kuna anayelikumbuka.

Mungu awabariki.