Vyakula vya Idi kwa mtoto mdogo: nini umpe, nini upunguze, nini kisubiri

Asubuhi ya Idi nyumba inanukia hiliki na nyama, wageni wanaingia na kutoka, na kila anayempakata mtoto anataka kumwonjesha kitu. Ni vizuri mtoto ashiriki sikukuu. Mtoto anayekula pamoja na wenzake huzoea ladha za nyumbani kwao na hula kwa hamu. Lakini siku hiyo hiyo sahani zimejaa mbegu za tende, karafuu, vipande vya mifupa, karanga na shira ya sukari. Ukurasa huu unaeleza jinsi ya kumlisha mtoto kutoka chungu cha familia bila kumhatarisha.

Kwa ufupi

- Chini ya miezi 6: maziwa ya mama pekee, hata siku ya sikukuu.
- Kuanzia miezi 6: chakula laini cha familia, kilichotengwa kabla ya kutiwa chumvi na pilipili. Endelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi.
- Asali: usimpe kabla hajatimiza mwaka 1.
- Karanga, korosho na lozi nzima: usimpe kabla ya miaka 5.
- Soda, sharubati na chai: havimfai mtoto wa chini ya miaka 2.

Mtoto wa chini ya miezi 6

Maziwa ya mama yanamtosha kwa chakula na kwa maji. Kidole kilichochovywa kwenye halua au kijiko cha supu kinaweza kumletea vijidudu vya kuharisha, na tumbo likijaa vitu vingine hunyonya kidogo. Asali ni hatari zaidi. Inaweza kuwa na vimelea vinavyotengeneza sumu ndani ya utumbo wa mtoto mchanga na kulegeza misuli yake, hata ile ya kupumulia. Kuipika asali nyumbani hakuondoi hatari hiyo.

Siku ya wageni wengi ni rahisi kusahau kunyonyesha. Mpe ziwa kila anapohitaji, na wewe mwenyewe ule na kunywa vya kutosha.

Chota kabla ya kutia chumvi

Huhitaji kupika vyakula viwili. Chemsha nyama ya pilau kwa tangawizi na kitunguu saumu bila chumvi. Ikiiva kabisa, toa vipande vya mtoto na vikombe viwili vya supu. Kisha tia chumvi kwenye chungu cha familia na uendelee kama kawaida.

Kwenye sufuria ndogo, pika konzi ya mchele kwa ile supu, pamoja na kipande cha kiazi na karoti. Weka maji zaidi ili wali uwe bokoboko. Tia mdalasini, hiliki au bizari nyembamba ya unga, kiasi kidogo tu. Viungo hivi havimdhuru mtoto kwa kiasi cha kunukia. Vinavyomdhuru ni pilipili inayomchoma mdomo na karafuu au hiliki nzima inayoweza kumkwama kooni. Kama unapenda kupika na viungo vizima, vifunge kwenye kitambaa safi ili uvitoe vyote kwa mara moja.

Kwa nini chumvi ni muhimu? Figo za mtoto bado ni changa. Chini ya mwaka 1 anahitaji chini ya gramu 1 ya chumvi kwa siku, ambayo haifiki robo ya kijiko cha chai, na sehemu kubwa anaipata kwenye maziwa. Kati ya mwaka 1 na 3 asizidishe gramu 2. Kumbuka kwamba vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi navyo vina chumvi nyingi.

Chakula kimoja kimoja

Boko boko. Hiki karibu kiwe chakula cha mtoto tayari: ngano na nyama vilivyopikwa kwa saa nyingi na kupondwa kwa mwiko. Toa sehemu yake kabla ya chumvi, pekua kwa vidole kutafuta mifupa midogo na nyuzi ndefu za nyama, kisha dondoshea samli kidogo. Usinyunyize sukari juu. Kama hajawahi kula ngano, mwonjeshe siku kadhaa kabla ya Idi, ili ukiona vipele au kutapika ujue sababu.

Nyama na ini la Idi el-Hajj. Kuanzia miezi 6 akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo hupungua, na nyama ni mojawapo ya vyakula bora vya kuirudisha. Ipike hadi iive kabisa, kisha isage au ikatekate sana na uichanganye na supu. Ini huiva haraka na hupondeka vizuri, lakini lina vitamini A nyingi mno, hivyo mara moja kwa wiki inatosha. Vipande vya mshikaki ni vikubwa na vigumu kwa mtoto asiye na magego.

Biriani. Mchuzi wake una pilipili na chumvi. Mpe wali mweupe wa chini, kiazi, na nyama iliyotengwa mapema, pamoja na mtindi usiotiwa sukari.

Tende. Toa mbegu, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, menya ganda na ponda. Tende moja hutosha kuutia utamu uji au tambi badala ya sukari. Kwa mtoto mkubwa kidogo, ikate vipande virefu vyembamba, kwa sababu tende nzima hunata kooni. Msafishe meno jioni.

Tambi. Pika za mtoto kwa tui la nazi au maziwa na hiliki ya unga, bila sukari. Zikate fupi. Usimwekee lozi wala zabibu kavu nzima.

Kaimati, visheti, halua na kashata. Kaimati ni ya mviringo na hunata. Mtoto wa zaidi ya mwaka 1 mpe ambayo haijaingia kwenye shira, umeikata vipande vyembamba. Visheti na kashata ni vigumu, na halua ni sukari inayonata. Hivi visubiri hadi atafune vizuri, na hata hapo ni kionjo tu.

Mahamri na mbaazi za nazi. Mbaazi zilizoiva sana na kupondwa ni chakula kizuri cha kujenga mwili. Mpe mbaazi nyingi na mahamri kidogo, kipande laini cha ndani.

Sambusa na katlesi. Toa kiini kabla ya kutia pilipili. Gamba la sambusa lililokauka huchoma fizi.

Kiasi gani kinatosha?

- Miezi 6 hadi 8: anza na vijiko 2 hadi 3 vya chakula, uongeze polepole hadi nusu kikombe cha mililita 250. Milo 2 hadi 3 kwa siku.
- Miezi 9 hadi 11: nusu kikombe, milo 3 hadi 4.
- Miezi 12 hadi 23: robo tatu hadi kikombe kizima, milo 3 hadi 4, na vitafunio 1 au 2.

Mpe mlo wake kabla vitamu havijaletwa mezani. Mtoto aliyeshiba sukari atakataa nyama na mbaazi, na siku tatu za sikukuu zinaweza kupita bila kula chakula cha maana.

Vinywaji

Mpe maziwa ya mama na maji safi na salama. Chai, hata ya maziwa na hiliki, hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungepata kutoka kwenye chakula. Tunda likipondwa ni bora kuliko juisi yake.

Chakula kilichobaki

Wali uliokaa nje ni hatari kuliko unavyodhani. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa katika joto la kawaida huzaliana na kutoa sumu ambayo haiondoki hata ukipasha moto. Chakula cha mtoto kisikae nje zaidi ya saa 2. Kama una friji, kipoze haraka na ukiweke humo. Kama huna, pika cha mlo mmoja. Ukipasha, pasha mara moja tu hadi kitoe mvuke, kisha kipoe.

Nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika nyama mbichi, na usikatie kachumbari kwa kisu hicho hicho. Weka mtoto mbali na jiko, hasa chungu kinapopaliwa makaa juu ya kifuniko.

Wageni, wazee na kaka na dada

Bibi anayemwonjesha mjukuu anampenda. Badala ya kumnyang'anya kijiko, mpe kazi: "Shikamoo bibi. Chakula cha mtoto nimeshakitenga, hakina chumvi wala pilipili. Nisaidie kumlisha wewe, mimi nipakulie wageni." Mara nyingi atafurahi, na mtoto atakuwa na mtu mmoja wa kumwangalia anapokula.

Watoto wakubwa wakipata mkono wa Idi hurudi na peremende, ubuyu, karanga na maputo, na hupenda kumgawia mdogo wao. Waeleze mapema wasimpe. Kipande cha puto kilichopasuka nacho kinaweza kuziba koo.

Mtoto ale akiwa ameketi, si akikimbia wala akilala.

Akikwamwa na chakula

Akiweza kukohoa kwa nguvu au kulia, mwache akohoe huku ukimwangalia. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua:

- Chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua. Mpige kati ya mabega mara 5 kwa kisigino cha kiganja. Kikigoma, mgeuze chali na umbonyeze katikati ya kifua mara 5 kwa vidole viwili. Rudia.
- Zaidi ya mwaka 1: muinamishe na umpige mgongoni mara 5. Kisha simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta kwa nguvu ndani na juu mara 5. Rudia.

Usiingize kidole kutafuta usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi. Piga kelele upate msaada. Akizimia, anzeni kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi kama mnajua, huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali.

Mpeleke kituo cha afya mara moja iwapo

- anaharisha damu, anatapika kila kitu, au hawezi kunyonya;
- ana macho yaliyozama, hana machozi au hakojoi;
- amevimba midomo au uso, au anapumua kwa shida baada ya kula;
- alikwamwa na chakula, na bado anakohoa au kukoroma hata kama anaonekana mzima.

Akiharisha, zidisha kunyonyesha na umpe maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS) kama ulivyoelekezwa kliniki. Nunua pakiti mbili kabla ya sikukuu, kwa kuwa huenda maduka ya dawa ya karibu yakafungwa siku hiyo.